Hesabu ya Vichwa, Manda Toto

Kabla nanga haijagusa mchanga nimeshawahesabu:
wanane.
Watatu wa benki moja ya Nakuru, fulana sare,
mume na mke wasiosemeshana tangu jeti ya Shela,
kijana mwenye simu ndani ya mfuko wa nailoni,
dada mmoja aliyezidisha kaimati, rangi imeanza kumtoka,
na Mwalimu Nyakio, mstaafu, wa Ol Kalou,
ambako, asema, umande huganda ukawa kioo.

Nauliza kama niulizavyo kila siku:
Nani hajui kuogelea?
Hakuna mkono.
Nani atoke kwao mbali vile, alipe, halafu akiri?
Mwalimu anafunga vifungo vyote vitatu vya jaketi la kuokolea,
kisha anaongeza fundo lake mwenyewe.
Nikajua.

"Temeni mate kwenye miwani, sugueni,
kioo kisishike ukungu."
Akanitazama kama mtoto aliyetukana darasani.
"Miaka thelathini na moja," akasema,
"nimewaadhibu watu kwa kutema mate."
Kisha akageuka pembeni, kwa adabu, akatema.

Ngazi ina vipago vinne.
Cha tatu kilimchukua muda wa rakaa mbili.
Maji yalipomfika kifuani akanidaka mkono,
kucha zikaingia.
Sikusema kitu. Mkono wa mwongozaji si wake
kuanzia saa tatu hadi saa saba.
"Pumua kwa mdomo. Pua iache, leo haina kazi."
Akaingiza uso. Akautoa. Akauingiza.
Mrija ukaanza kusema: uu, uu, uuu,
sentensi nzima isiyo na konsonanti.

Chini, pono walikuwa wakitafuna matumbawe, kra, kra,
kama mtu anayekula bisi msibani.
Taa mmoja alijifukia mchangani, akasahau macho nje.
Nikamwachia Mwalimu boya, nikamfuata kijana wa simu,
maana mkondo ulikuwa ukimwiba taratibu
naye anajipiga picha.

Nikageuka. Nikahesabu.
Saba.

Hesabu hii hairudiwi kwa utulivu.
Moja, mbili, tatu, mirija ya manjano;
nne, huyu hapa na simu yake;
tano, dada wa kaimati, kashika ngazi;
sita yule mume, saba yule mke
(wameshikana mikono, hilo nitalistaajabia baadaye)
saba.
Shekuwe kwenye usukani akazima redio bila kuambiwa.
Baba yangu mdogo alikuwa akisema:
mai hayana mlango, atokaye habishi hodi.
Nikazama bila kuvuta pumzi ya kutosha.

Alikuwa upande wa pili wa mashua, kivulini,
mkono mmoja kwenye kamba ya nanga,
uso majini,
mkono wa pili ukiandika, ukifuta, ukiandika.
Nikamgusa bega. Akainuka, miwani imejaa maji nusu,
ya bahari au yake, sikuuliza.
"Ninasahihisha," akasema.
"Kila mwaka niliyachora matumbawe kwa chaki ya kahawia.
Kahawia! Kama viazi.
Watoto arobaini kila mwaka. Zidisha."
Nikazidisha, bado natweta: "Elfu moja mia mbili na arobaini."
"Wote hao wanatembea na kosa langu,"
akasema, akarudisha uso majini.

Nane.

Saa tisa naosha vifaa kwenye pipa la maji matamu.
Kwenye kifundo cha mkono nimeandamwa na miezi minne,
myembamba, myekundu, inawasha chumvi ikiingia.
Unywele mmoja wa mvi umenasa kwenye mpira wa miwani namba sita.
Nikauinua juani, nikautazama.
Nikauondoa.
Kesho ni watu kumi na mmoja,
na wawili wameshanipigia simu kunihakikishia
kwamba wanajua sana kuogelea.